Kukariri Si Kukumbuka

Apitaye asubuhi karibu na shule ya msingi katika vilima vya Buhigwe, mara nyingi husikia sauti za watoto wakiitikia kwa pamoja maneno ya mwalimu. Mwalimu husema, darasa huitikia. Mwalimu hurudia, darasa nalo hurudia. Mzazi aliye shambani akipalilia maharage yake huisikia sauti ile akafurahi, kwani aona kwamba mwanawe anasoma. Hatuna nia ya kumwondolea mzazi huyo furaha yake. Lakini twapenda kumwuliza swali moja: juma moja likipita, mtoto huyo akasimamishwa peke yake, bila mwalimu wala wenzake wa kumtangulia, je, ataweza kuyasema na kuyaeleza yale aliyoyaitikia?

Swali hili si la walimu peke yao. Ni la kila mzazi anayenunua sare na madaftari kwa jasho lake. Ni la kila mfanyakazi aliyeamua kurudi darasani jioni baada ya kazi. Maana mtoto akitumia miaka shuleni akiitikia tu, kisha akatoka bila cho chote kichwani, waliopata hasara ni wengi: mtoto mwenyewe, wazazi wake na Taifa zima.

Kazi ya kuchunguza jinsi mwanadamu anavyokumbuka na anavyosahau imefanywa kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na wanafunzi, au imefanywa kwa kuwapima wanafunzi. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kumbukumbu. Yeye alijipima mwenyewe. Alitunga orodha za silabi zisizo na maana yo yote, akazikariri mpaka akaziweza, kisha baada ya muda akajifunza tena orodha zile zile ili aone ni kazi kiasi gani ameiokoa. Aliona kwamba baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya faida ya kazi yake ilikuwa imepotea. Na baada ya siku moja, kama theluthi mbili. Lakini aliona na jambo la pili, nalo ni la kutia moyo. Kurudia mara 38 katika siku tatu kulimfaa sawa na kurudia mara 68 kwa siku moja. Wazee wetu walikwisha kusema zamani kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mwanafunzi anayekesha usiku mmoja kabla ya mtihani ataka kujaza kibaba kwa mmimino mmoja, na nyingi ya nafaka yake humwagika.

Mwaka 1939 Herbert Spitzer wa Marekani alitangaza matokeo ya uchunguzi wake katika Jimbo la Iowa. Aliwapima watoto 3,605 wa darasa la sita katika shule 91. Wote walisoma maandishi, wakaulizwa maswali; wengine waliulizwa mara tu baada ya kusoma, na wengine walicheleweshwa kwa siku au majuma. Walioulizwa mapema walikumbuka zaidi hata siku za mwisho, na waliocheleweshwa walikuwa wamekwisha kupoteza mengi. Spitzer akasema kwamba mtihani haufai kutazamwa kama mizani ya kupimia tu, bali ni chombo cha kujifunzia pia.

Neno hilo halikutiliwa maanani sana kwa miaka mingi. Lakini mwaka 2006 Jeffrey Karpicke, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, pamoja na mwalimu wake Henry Roediger, walilipima tena. Wanafunzi wa kundi la kwanza walisoma habari fupi katika vipindi vinne. Wa kundi jingine waliisoma katika kipindi kimoja tu, na katika vipindi vitatu vilivyobaki wakaandika yale waliyoyakumbuka bila ya kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma vipindi vyote vinne walikumbuka asilimia 83, na wenzao asilimia 71. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka. Waliosoma tu walibakiwa na asilimia 40, na wale waliojiuliza walikuwa na asilimia 61.

Tena liko jambo la kushangaza zaidi. Wale waliosoma mara kwa mara ndio waliokuwa na matumaini makubwa kuliko wote kwamba watakumbuka. Hapa ndipo twapaona penye hatari. Kusoma tena na tena, au kuitikia tena na tena, humfanya mtu aone kwamba anajua, kwa sababu maneno yamekwisha kuzoeleka masikioni mwake. Lakini kuzoea si kujua. Mtu aweza kupita njia moja kila siku akiwa nyuma ya mwenziwe, na siku atakapotangulia yeye, akapotea.

Wako watakaotujibu kwamba sisi wenyewe tulikariri jedwali la kuzidisha, na mpaka leo twalijua; na kwamba watoto wa madrasa hukariri sura nyingi wakazihifadhi maisha yao yote. Hayo ni kweli. Lakini tutazame vizuri yanayofanyika. Mtoto wa madrasa hasikilizi tu. Huketi mbele ya mwalimu wake akatoa somo lake peke yake, kwa moyo, na akikosea hurudishwa pale pale. Kesho huulizwa tena, na juma lijalo tena. Kilichomsaidia mtoto huyo ni kule kutakiwa kulitoa somo kila mara, wala si kelele za kuitikia. Kwa hiyo hatupingi kukariri kwa namna zote. Twapinga kukariri ambako hakuna anayeulizwa, na ambako hakuna anayeelewa.

Na hili la kuelewa lina uzito wa pekee. Frederic Bartlett, mtaalamu wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1932 alieleza habari za mchunga ng'ombe mmoja wa Swaziland, nchi ambayo tangu mwaka 2018 yaitwa Eswatini. Mchunga huyo aliulizwa juu ya ng'ombe walionunuliwa na bwana wake mwaka mmoja uliotangulia. Akaketi chini, akawataja mmoja mmoja, kwa rangi zao, wenyewe waliowauza na bei zao, karibu bila kosa. Bartlett hakusema kwamba watu wale wameumbwa na kumbukumbu kuliko wengine. Alisema kwamba mtu hukumbuka vizuri lile ambalo lina maana katika maisha yake.

Watu wa Buha hawana haja ya kwenda Eswatini kutafuta mfano. Katika nchi hii ya ng'ombe, mzee aliyeshuhudia mahari au mpaka wa shamba huitwa miaka mingi baadaye aeleze, naye hueleza. Hakuliandika jambo lile daftarini. Lakini lilikuwa na maana kwake, alilielewa kwa lugha yake, na mara kwa mara aliulizwa. Mambo hayo matatu, yaani maana, lugha na kuulizwa, ndiyo mafiga ya kumbukumbu. Ukiondoa figa moja, chungu humwagika.

Sasa tumtazame mtoto wa Buhigwe. Wilaya yake ni changa, maana ilizaliwa mwaka 2012 kutoka Wilaya ya Kasulu, lakini lugha ya nyumbani kwake ni ya kale. Mtoto huyu amelelewa kwa Kiha. Anapoingia Darasa la Kwanza, hufundishwa kwa Kiswahili. Akifaulu kwenda sekondari, hukuta masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo, kabla ya kufikia utu uzima, amekwisha kuhamishwa mara mbili kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Wanasaikolojia watuambia kwamba akili inayoshika mambo kwa wakati uleule ni kama meza ndogo ya fundi. Mwaka 1956 George Miller wa Marekani alikadiria kwamba meza hiyo hubeba vitu kama saba kwa mara moja. Wengine waliomfuata wamesema ni vichache kuliko hivyo. Kama nusu ya meza imejaa kazi ya kutafuta maana ya maneno, nafasi ya kufanyia hesabu yenyewe itatoka wapi? Mtoto hunyamaza. Mwalimu humwona mzito. Naye, ili asionekane mjinga, hujiunga na wenzake katika kuitikia. Hivyo ndivyo kukariri kunavyokuwa maficho ya asiyeelewa.

Si kwamba hakuna lililojaribiwa. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 kwa fedha za Serikali ya Uingereza, ulifika katika mikoa kadhaa, na Kigoma ulikuwa mmojawapo. Katika mpango huo watoto waliokosa elimu ya awali waliandaliwa kwa hadithi, nyimbo na michezo ili wakizoee Kiswahili kabla ya kuingia Darasa la Kwanza, na wasaidizi wao walitoka katika jamii zao wenyewe. Na kwa upande wa sekondari, wanafunzi wa Kitanzania nao wamechunguza. Mwaka 2001 Halima Mwinsheikhe, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, alikamilisha tasnifu yake ya uzamili juu ya kizuizi cha lugha katika masomo ya sayansi, akatetea matumizi ya Kiswahili. Tangu mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Norway na Afrika Kusini, walilinganisha masomo yaliyofundishwa kwa Kiswahili na yale yaliyofundishwa kwa Kiingereza, wakaona kwamba wanafunzi huelewa na kushiriki zaidi wanapofundishwa kwa lugha waijuayo.

Hapana budi pia tuonye juu ya neno moja linalotamkwa upesi mno: neno "mjinga". Mwaka 2002 wachunguzi wakiongozwa na Robert Sternberg na Elena Grigorenko walitangaza habari za watoto wa shule za karibu na Bagamoyo, wa umri wa miaka 11 hadi 13. Watoto walipewa majaribio ya kufikiri. Kisha wakafundishwa namna ya kuyakabili kwa muda usiofika saa moja. Kisha wakapimwa tena. Alama zao zilipanda. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakikuonyesha uwezo wao wote. Mwaka huo huo uchunguzi mwingine wa watoto wa shule wa Tanzania ulionyesha kwamba wale wenye kichocho kikali walikuwa na alama za chini katika majaribio ya kumbukumbu ya muda mfupi. Mtoto anayesahau huenda ni mgonjwa, au ana njaa, au haelewi lugha. Kumchapa hakutaondoa hata moja katika hayo.

Wafanyakazi wa nchi hii wajua thamani ya jambo hili. Wanaume wengi wa Kasulu na Kibondo walichukuliwa zamani kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba, watu wa kuhesabiwa kwa namba. Asiyejua kusoma hakuwa na njia ya kuhakiki kipande chake ila kwa kumbukumbu yake, na mbele ya karani kumbukumbu bila maandishi ilikuwa shahidi dhaifu. Ndiyo maana watu wazima waliitikia kwa wingi wito wa kisomo, hata idadi ya wasiojua kusoma ikashuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975. Lakini kisomo nacho ni jembe. Lisipolimiwa hushika kutu. Aliyefundishwa akakosa gazeti, kitabu au barua ya kuandika, husahau.

Basi yatupasa kufanya nini? Hatutaki mambo yanayohitaji fedha nyingi. Mwalimu mwenye darasa kubwa aweza kutenga dakika tano za mwisho, watoto wafunge madaftari, kila mmoja aandike au amweleze jirani yake yale aliyojifunza. Kesho aanze kwa kuuliza ya jana, na Jumatatu ya juma lililopita. Maswali hayo yasiwe ya alama wala ya fimbo, maana mtoto anayeogopa kukosea hatathubutu kukumbuka. Mzazi asiyejua kusoma naye ana kazi yake. Jioni, karibu na moto, amwambie mwanawe: nieleze kwa Kiha yale mliyofundishwa leo. Mtoto akiweza kuyaeleza kwa Kiha, ameyaelewa. Na kwa kuyaeleza ameyapigilia msumari. Kuuliza si ujinga.

Nao wanachuo wa ualimu wa Kasulu na Kabanga wanayo nafasi ambayo Ebbinghaus hakuwa nayo. Kila mmoja anapokwenda kufundisha kwa mazoezi, hukuta darasa zima mbele yake. Kwa kalamu, karatasi na juma moja la subira aweza kupima ni mambo mangapi yamebaki kwa watoto waliouliziwa na mangapi kwa walioitikia tu, kwa Kiswahili peke yake na kwa Kiswahili kilichosaidiwa na Kiha. Uchunguzi wa namna hiyo hautaki mashine, nao utawafaa watoto wa vilima hivi.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka elimu ijenge akili yenye kuuliza. Twaona leo kwamba akili inayouliza ndiyo pia akili inayokumbuka. Sauti za watoto na ziendelee kusikika katika vilima vya Buhigwe. Ila twataka, baada ya sauti ya pamoja kunyamaza, asimame mtoto mmoja aseme yake mwenyewe, kisha mwingine, mpaka zamu ifike kwa yule aketiye nyuma kabisa.