Je, Wajua? Skrini ya inchi 34 yaweza kuwa ndogo kuliko ya inchi 32

Inchi za skrini hupimwa kutoka kona hadi kona, wala si kwa eneo, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Skrini pana ya inchi 34, yenye uwiano wa 21 kwa 9, ina upana wa sentimita 80 hivi lakini kimo cha 33 tu, karibu sawa na ile ya kawaida ya inchi 27. Ya kawaida ya inchi 32, yenye sentimita 71 kwa 40, inaizidi kwa eneo.

Wapo watakaosema upana ndio unaotakiwa, na wana hoja: nyaraka mbili hukaa ubavu kwa ubavu, na katika mchezo wa mbio za magari unamwona mpinzani anayekujia pembeni. Lakini msomaji wa mkataba mrefu hapati hata mstari mmoja wa ziada, kwa kuwa pikseli za kimo mara nyingi ni 1440, zilezile za inchi 27. Kwa jumla pikseli zimeongezeka kwa theluthi moja, na kadi ya michoro lazima izichore zote katika kila fremu. Kompyuta iliyokuwa ikiumudu mchezo kwa taabu itazidiwa, na ipo michezo inayoacha tu mapande meusi kushoto na kulia.