Chuma Kikikutana na Chuma

Skii ya kushukia milima ina makali mawili ya chuma, moja kila upande, yenye upana wa milimita mbili hivi. Rudolf Lettner, mpanda milima wa Austria, aliyabuni katika miaka ya 1920 ili skii za mbao zisiserereke ovyo kwenye theluji iliyoganda. Ukiulaza ubao ubavu, uzito wako wote unakusanyika kwenye ukanda huo mwembamba, shinikizo linapanda, chuma kinauma barafu. Hapo ndipo kona na breki zinapotoka.

Kwenye mchezo wa kuruka na kupanda reli, ulioingia Olimpiki ya Sochi mwaka 2014, sifa hiyo hugeuka kero. Mchezaji huruka juu ya reli na kuteleza akiwa kiubavu, skii zikiikatiza. Anachotegemea ni tako la skii, ambalo ni la polithini. Kuiburuta polithini juu ya chuma kikavu huhitaji nguvu ya takriban moja ya kumi hadi mbili ya kumi ya uzito ulioibeba. Chuma juu ya chuma kikavu huhitaji nusu au zaidi. Akiinamisha mguu kidogo tu, mzigo unahama kutoka plastiki kwenda kwenye chuma. Makali yakikuta kovu la kulehemu, miguu inasimama, kiwiliwili kinaendelea na safari. Hata asipoanguka, kila kishindo kinaweza kuyapasua makali. Maji yakipenya kwenye ufa, mbao za ndani zinavimba na tabaka zinaachana.

Dawa ya siku nyingi ni tupa: makali yaliyo chini ya kiatu husuguliwa mpaka yawe butu. Skii isiyo na chuma kabisa inaikamilisha tu hatua hiyo.

Je, bila chuma mwendo kwenye theluji unapungua? La. Mwaka 1939 Bowden na Hughes walieleza kwamba joto la msuguano huyeyusha utando mwembamba wa maji chini ya skii. Polithini huhifadhi joto hilo. Chuma hulipitisha mara mia hivi zaidi. Lakini eneo la makali ni dogo mno, kwa hiyo sitarajii faida ya kuonekana kwa macho. Skii za kawaida za kutembelea njia zilizochongwa tambarare hazina chuma, na hakuna anayelalamika.

Hasara iko kwenye barafu. Jaribio la haki lingetumia jozi mbili zenye urefu na umbo moja, moja ikiwa na makali ya chuma na nyingine bila, reli ileile, asubuhi theluji ikiwa imeganda na mchana ikiwa imelainika. Ningeanza mbali na reli, kwenye mteremko wa kuiendea. Mtu akishindwa kunyoosha njia pale, ataifikia reli amepinda, na ulaini wa plastiki hautamsaidia. Machipuko, jua likiwa juu, ndiyo saa ya skii isiyo na chuma. Alfajiri ya Januari, skii zenye makali zisiachwe nyumbani.