GARI LA KUCHEZEA LINALOKATA KONA KWA MAGURUDUMU YOTE MANNE

Kama umewahi kuleta nyanya au viazi Dar es Salaam, unaijua mitaa ya Kariakoo. Watu wamejaa. Wachuuzi wamepanga bidhaa chini, hadi barabarani. Lori linafika na mzigo, linataka kuingia mtaa mwembamba. Utingo anaruka chini. Anapiga ubavu wa lori kwa kiganja: "Kata! Kata! Haya, rudi!" Lori linakwenda mbele, linarudi nyuma, linakwenda mbele tena. Wakati huo mwenye mkokoteni amekwisha geuka palepale aliposimama, naye amekwenda zake.

Jina la Kariakoo lenyewe ni la wabeba mizigo. Linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Soko kubwa lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Mizigo haijapungua tangu hapo.

Kwa nini mkokoteni unageuka upesi? Kwa sababu una ekseli moja tu. Lori lina ekseli ya mbele na ya nyuma. Magurudumu ya mbele yanageuka, ya nyuma hayageuki. Yanafuata tu. Tena hayafuati njia ileile. Yanakata kona kwa ndani. Ndiyo maana tairi la mbele hupita salama, lakini la nyuma likaingia mtaroni.

Je, magurudumu ya nyuma yanaweza kugeuka pia? Yanaweza. Mimi ni bwana shamba, si fundi wa magari, lakini jambo hili unaweza kulijaribu nyumbani pamoja na wanao. Watoto wa Ulaya hulijaribu kwa vitofali vya plastiki, kama vile vya LEGO kutoka Denmark. Sisi tutatumia ubao, waya na ndala zilizokatika.

TUTENGENEZE

Chukua ubao mwembamba, urefu sentimita 30, upana sentimita 8. Toboa tundu moja katikati ya upana, sentimita 5 kutoka mwisho wa mbele. Toboa jingine sentimita 5 kutoka mwisho wa nyuma. Kati ya matundu hayo patakuwa na sentimita 20.

Kata vijiti viwili vya sentimita 16. Hizo ni ekseli. Kila kijiti kipigilie chini ya ubao kwa msumari mmoja unaopita katika tundu. Msumari ukaze kwenye kijiti, lakini ulegee kwenye ubao, ili ekseli izunguke. Weka kizibo cha soda kilichotobolewa katikati ya ubao na kijiti, visikwaruzane. Magurudumu yakate kwenye ndala. Mwisho, funga kijiti kirefu kwenye ekseli ya mbele, kielekee mbele, kama mti wa kuvutia trela. Huo ndio usukani wako.

Sasa tuunganishe ekseli mbili. Chukua spoku ya baiskeli na ukunje ndoano kila upande. Ndoano ya kwanza itie kwenye ekseli ya mbele, upande wa kulia, sentimita 4 kutoka katikati. Ndoano ya pili itie kwenye ekseli ya nyuma, upande wa KUSHOTO, sentimita 4 pia. Waya umepita mshazari chini ya ubao.

Geuza usukani kulia, uangalie. Upande wa kulia wa ekseli ya mbele unarudi nyuma. Unausukuma waya, nao waya unaisukuma ekseli ya nyuma upande wa kushoto. Kwa hiyo magurudumu ya mbele yanatazama kulia, na ya nyuma yanatazama kushoto.

TUPIME

Mwaga majivu kwenye sakafu. Piga msumari mdogo chini ya ubao wa kuizuia ekseli ya mbele isigeuke kupita hapo. Kwanza ondoa waya, na ekseli ya nyuma uifunge isigeuke. Geuza usukani hadi kwenye kizuizi, sukuma gari lizunguke, kisha pima upana wa duara kwa kamba. Halafu rudisha waya, ifungue ekseli ya nyuma, na urudie. Duara la pili ni kama nusu ya la kwanza.

Angalia pia alama kwenye majivu. Mara hii magurudumu ya nyuma yamekanyaga karibu palepale yalipokanyaga ya mbele. Jambo hili ndilo lililonivuta mimi. Ziko mashine kubwa za kupulizia dawa zenye magurudumu manne yanayogeuka. Zikigeuka shambani, huponda mimea kidogo zaidi.

Basi kwa nini malori yote yasitengenezwe hivyo? Weka gari lako sambamba na ukuta, nafasi ya vidole viwili. Geuza usukani upande usio na ukuta, usukume. Pua inaondoka vizuri, lakini mkia unarushwa kwenye ukuta. Sasa fikiria mtaa wa Kongo, na mahali pa ukuta amesimama mama na ndoo yake ya maembe. Dereva anatazama mbele. Mama hana pa kukimbilia.

Tena gari likikimbia, usukani wa namna hii ni mkali mno. Ukigeuza kidogo, gari linageuka sana. Kampuni ya Honda ilipouza gari la Prelude la namna hii mwaka 1987, ilifanya hivi: dereva akigeuza usukani kidogo, magurudumu ya nyuma yanafuata upande uleule wa mbele. Akigeuza sana, ndipo yanapokwenda upande wa pili.

KUFUNGA NA KUFUNGUA

Kwa hiyo gari lako linahitaji kufungwa na kufunguliwa. Toboa tundu linalopita ubao na ekseli ya nyuma, sentimita 2 kando ya msumari wa katikati. Ukitaka magurudumu ya mbele tu yageuke, toa waya kwanza, kisha tumbukiza msumari kwenye tundu hilo. Ukiweka msumari na waya ungalipo, usukani hautageuka kabisa. Ukitoa waya bila kuweka msumari, mkia utayumba kama mlevi.

Iko namna ya tatu. Tengeneza waya wa pili, mfupi kidogo kuliko wa mshazari, uende moja kwa moja kutoka kulia mbele hadi kulia nyuma. Sasa magurudumu yote yanatazama upande mmoja, na gari linakwenda kimshazari kama kaa. Mashine za kupakia mizigo, kama zile za JCB za Uingereza, zina namna hizi tatu, na dereva huchagua akiwa ndani.

Lirudishe gari lako ukutani, nafasi ileile ya vidole viwili. Toa msumari, weka waya wa pili, geuza, sukuma. Pua na mkia vinaondoka ukutani pamoja, na ndoo ya maembe haikuguswa.