Mkono wa Mkandaji na Roho ya Mzazi

Huku mwambao, mwanamke aliyejifungua hulelewa siku 40. Kila asubuhi mkandaji huja na maji ya moto na mafuta ya nazi, akamkanda mgongo, kiuno na miguu. Wengi wetu tunadhani anatibu mwili tu. Muulize mzazi mwenyewe: huenda akakwambia kwamba baada ya kukandwa ndipo alipopata usingizi, au alilia kidogo, roho ikatulia.

Kutulia huko kuna sababu zake. Ndani ya ngozi yenye vinyweleo mna nyuzi nyembamba za neva ambazo kazi yake kubwa ni kupeleka ubongoni habari ya kupapaswa. Watafiti wa Gothenburg, Uswidi, waligundua kuwa nyuzi hizo huitika zaidi mkono ukipita taratibu, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, tena ukiwa na joto la ngozi ya mtu. Mwaka 2002, Håkan Olausson na wenzake walieleza habari za mgonjwa aliyepoteza neva nene za mguso. Alipopitishiwa brashi laini mkononi, alihisi raha hafifu, na picha za ubongo zikaonyesha kuamka kwa insula, sehemu inayohusika na hisia.

Husemwa sana kwamba kukandwa hushusha kotiso, homoni ya msongo. Hapo pana chumvi. Mwaka 2004, Christopher Moyer na wenzake huko Marekani walijumlisha matokeo ya tafiti 37: kukandwa mara moja kulipunguza wasiwasi wa saa ile, lakini kotiso haikushuka kwa kiasi cha kuhesabika. Waliokandwa mara kwa mara ndio waliopungukiwa na huzuni, na nafuu yao ilikaribiana na ya tiba ya mazungumzo. Ndiyo maana nazithamini sana zile asubuhi za mfululizo za arobaini.

Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe. Huenda damu imeganda ndani. Kidonda cha upasuaji nacho kisiguswe. Na huzuni ya uzazi ikipita wiki 2, mafuta pekee hayatoshi. Mkandaji huwa faraghani na mzazi kila siku, hivyo anaweza kuwa wa kwanza kuona kwamba hali chakula, halali hata mtoto akilala, hataki kumpakata. Akimsikia anasema heri afe, asimwache peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.