Karani Mstaafu na Pepo za Lamu

Watu wengi waliotumikia maofisini hudhani kwamba siku mtu anapostaafu ndiyo siku saa yake inaposimama. Asubuhi hana zamu ya kuwahi, mchana hana majalada ya kumngoja, na jioni hana la kuhesabu ila siku zilizosalia. Katika kisiwa cha Lamu mambo sivyo yalivyo. Huko mstaafu hapotewi na saa, bali hubadilishiwa. Huiacha saa ya ukutani akaifuata saa ya maji kujaa na kupwa, na juu ya kalenda ya serikali huiweka kalenda ya pepo mbili zilizoongoza maisha ya pwani tangu kale, yaani kaskazi na kusi. Asiyejifunza kuisoma saa hiyo aweza kuipoteza akiba ya maisha yake yote kwa msimu mmoja.

Mfano wa jambo hili ni karani mmoja, mzaliwa wa Lamu, aliyetumikia serikali huko bara kwa zaidi ya miaka 30. Tangu mwaka 2009 watumishi wengi wa serikali ya Kenya hustaafu wakiwa na umri wa miaka 60, naye alipotimiza umri huo alivuka kutoka Mokowe kwa mashua pamoja na masanduku yake, akarudi katika nyumba ya wazee wake. Nyumba yenyewe ni kama nyingi za mji huo wa kale: kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe, dari zake ni za boriti za mikoko, na mlangoni pana daka lenye baraza mbili za mawe za kukalia wageni. Kiinua mgongo chake kilikuwa kizima katika benki, hakijaguswa hata shilingi.

SHAURI LA NAHODHA

Alifika mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi. Upepo huo hutoka kaskazini-mashariki, nao huvuma tangu mwezi wa Desemba hivi hadi Machi. Huu ndio msimu wa joto na wa bahari tulivu. Wavuvi huweza kuvuka mwamba na kwenda mbali, wakarudi na nguru na jodari. Mashambani miembe huwa imeelemewa na maembe ya ngowe, dodo na boribo, na ufukoni ndege wenye miguu mirefu, waliokuja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi ya huko, hudonoadonoa matope kila maji yanapokupwa. Zamani msimu huu ndio ulioleta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, yakishusha tende na mazulia, kisha yakarudi kwa kusi yakiwa yamepakia boriti.

Karani alipoiona neema hiyo aliazimia kununua mashua na nyavu kwa kiinua mgongo chote. Akaketi akaandika hesabu kwa hati safi kama alivyozoea: mapato ya siku moja, mara siku za mwezi, mara miezi 12. Karatasi ile akampelekea nahodha mmoja mzee, jirani yake, amsaidie kuchagua chombo. Nahodha akasomewa yote hadi mwisho, naye akanyamaza kitambo.

“Hesabu yako haina kosa, Bwana Karani,” akasema. “Lakini umeuandika mwaka mzima kuwa ni kaskazi. Subiri kwanza uonane na kusi.”

Maneno hayo hayakumpendeza, maana aliyeyasema hakupata kusoma shule, naye alikuwa amezoea kusahihisha hesabu za watu wengine. Hata hivyo alisubiri, kwa kuwa mzee yule alikuwa rafiki wa baba yake.

Mwezi wa Aprili upepo uligeuka. Masika yakaanza, na mwezi wa Mei, ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi kabisa kisiwani, barabara za mchanga zikawa vijito. Kisha kusi ikashika kwa nguvu kutoka kusini-mashariki. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti mawimbi makubwa yaliumuka katika mlango wa bahari karibu na Shela, na vyombo vidogo vikakaa ndani ya mkondo na hori, vikivua tafi na changu. Zilikuwapo siku ambazo hakikutoka chombo hata kimoja, na sokoni bei ya samaki ikapanda. Mashua nyingi zilipandishwa pwani zikalafatiwe na kupakwa sifa, kazi ambayo ni ya gharama tu wala haina pato.

Hapo karani aliitoa karatasi yake akaisoma upya. Aliona wazi kwamba kama angalinunua chombo peke yake, miezi ile ingalimwacha na deni badala ya akiba. Basi mwisho wa kusi alinunua sehemu tu ya mashua, kwa ushirika na nahodha yule. Fungu la pili alitengenezea dari iliyokuwa ikivuja. Fungu la tatu alinunulia miche ya minazi, akijua kwamba mnazi wa kienyeji huhitaji miaka sita au saba kabla ya kuzaa. Kilichobaki kipo benki hadi leo.

HESABU YA MAJI NA YA MWAKA

Siku yake sasa huanza kwa sala ya alfajiri, kisha huketi darakani kwa kahawa. Jambo la kwanza analouliza ni mwezi kuwa umefika siku ya ngapi. Swali hilo si la mazungumzo tu. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na kupwa kwake kwa asubuhi huangukia mnamo saa nne. Huo ndio wakati wa watu kwenda mwambani kutafuta pweza. Juma moja baadaye ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwa hiyo mtu aijuaye tarehe ya mwezi huijua saa ya maji pasipo kutazama saa ya mkononi.

Lakini mwezi hautoshi kwa mkulima. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, na kwa sababu hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote. Wazee wa pwani walihitaji hesabu nyingine kwa ajili ya kulima na kusafiri baharini, nao walitumia mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365. Mwaka huo hugawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano hubaki mwishoni. Nahodha mzee bado aweza kusema ni katika mwongo gani kusi hulegea na ni katika mwongo gani yafaa kupanda. Kwa kuwa hauongezwi siku moja kila mwaka wa nne, Nairuzi hurudi nyuma polepole: katika karne ya 19 ilianguka mwezi wa Agosti, na siku hizi huanguka mwezi wa Julai.

DAFTARI

Elimu hiyo yote imo katika vichwa vya watu wachache, na watu hao ni wazee. Nahodha ana wana, lakini mmoja yuko Mombasa na mwingine husafiri kwa mashua ya mashine, wala hahitaji kuuliza upepo. Hapa ndipo karani alipoipata kazi yake ya pili. Amenunua daftari kubwa, akalipiga mistari kama rejesta ya ofisini. Kila siku huandika upepo unatoka wapi, mvua imenyesha au haikunyesha, samaki gani wameletwa na kwa bei gani. Huandika pia siku miembe inapotoa maua na siku ndege wageni wanapowasili. Pembeni nahodha humtajia mwongo, naye huuandika.

Daftari hilo lina faida iliyo zaidi ya kupitisha wakati. Maji ya kunywa ya mji wa Lamu hutegemea vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hunyonya mvua na kuihifadhi chini ya ardhi. Mvua ikikosekana, visima huanza kutoa maji ya chumvi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilipungua mno kwa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Kenya, na kila mzee alikuwa na neno lake juu ya ukame upi wa zamani ulioulingana huo. Wengi walikumbuka pia mvua kubwa za mwaka 1997, lakini ni wachache walioweza kutaja siku zilipoanza. Kumbukumbu ya mtu mmoja hukosea, na mwenye kumbukumbu akifariki huondoka nayo.

Siku hizi vijana wawili watatu hupita darakani jioni kuuliza kama mwaka jana kusi ilianza mapema au ilichelewa. Karani hufungua ukurasa akawasomea, na nahodha akiwapo huwaeleza sababu.

Wako makarani na walimu wengi, bara na pwani, wanaokaribia kurudi makwao na kiinua mgongo mkononi. Kila kijiji kina kaskazi yake na kusi yake: mwezi wa neema ambao kila biashara huonekana nzuri, na mwezi wa dhiki usioonekana katika karatasi. Mwenye kurudi nyumbani na asiitoe fedha yake mpaka mwaka mmoja umzungukie mzima. Katika mwaka huo na anunue daftari, ambalo bei yake ni ndogo, amtafute mzee aijuaye nchi ile, na aanze kuandika.