Vipisi vya sigara: nani alipe gharama ya kusafisha?



Pita asubuhi penye kituo cha boda boda mjini Kasese, au kando ya soko la Mpondwe karibu na Bwera, kisha tazama chini. Utaona vipisi vya sigara, yaani vile vipande vinavyobaki mtu akisha kuvuta. Mvua ikinyesha, vinaingia mtaroni na kufika mtoni: Nyamwamba upande wa Kasese, Lhubiriha upande wa mpakani. Nyamwamba unamwaga maji yake katika Ziwa George, ambako samaki wetu wanavuliwa.

Je, kipisi kina madhara gani?

Watu wengi wanadhani kichungi ni pamba na kitaoza. Sivyo. Vichungi vingi vimetengenezwa kwa aina ya plastiki, na vinashika nikotini na sumu nyingine. Mtoto anayetambaa akimeza kipisi anaweza kutapika na kuugua. Mpeleke kituo cha afya mara moja. Kipisi chenye moto kikianguka kwenye nyasi kavu au karibu na hema, nyumba inaungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vipisi trilioni 4.5 hutupwa ovyo duniani kila mwaka.

Nani analipa leo?

Analipa yule anayefagia. Mama muuza nyanya hufagia mbele ya meza yake kabla ya kupanga bidhaa, hata kama havuti sigara. Aliyepata faida kwa kuuza sigara hayupo pale na ufagio.

Njia zinazoweza kutumika

1. *Makopo ya mchanga.* Ni rahisi: kopo la bati lililojazwa mchanga. Lakini lazima awepo mtu wa kulimwaga. Tena lisiwekwe mlangoni mwa kliniki au shule, maana litakuwa kama linasema "vuta hapa".

2. *Kufuata sheria iliyopo.* Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kuvuta sigara mahali pa watu wote na ndani ya mita 50 kutoka hapo. Inakataza pia kuuza sigara moja moja, na kumuuzia aliye chini ya miaka 21. Anayenunua sigara moja huivuta papo hapo na kutupa kipisi papo hapo.

3. *Faini.* Inasaidia kidogo, lakini askari hawezi kusimama kila kona. Na faini isiyo na risiti haisafishi barabara.

4. *Ada kwa kila pakiti.* Mji wa San Francisco, Marekani, ulianza mwaka 2009 kutoza senti 20 kwa pakiti ili kusafisha barabara. Kwetu ada ya mji mmoja ingekuwa na shida: Kasindi ni ng'ambo tu ya mto, na watu wangenunua huko. Ada kama hiyo ianzie taifa.

5. *Mtengenezaji alipe.* Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2019 kwamba kuanzia Januari 2023 watengenezaji wa sigara zenye vichungi wachangie gharama za kusafisha. Hii ni haki zaidi, mradi pesa zifike kwa wanaofagia.

Tuanze wapi?

Njia ya kwanza na ya pili hazingoji Kampala. Katika mkutano ujao wa LC au wa kamati ya wakimbizi, uliza mambo matatu: Nani anauza sigara moja moja karibu na watoto? Sehemu gani ya ushuru wa soko inaweza kununua makopo na glavu za wafagiaji? Nani atamwaga makopo? Kisha mwambie diwani wako apeleke mbele ombi la tano, kwa maana sheria hiyo haitungwi sokoni.

Na wewe unayevuta: zima kipisi kabisa, usikiache chini. Ukitaka kuacha sigara, zungumza na mhudumu wa afya. Sigara isiyovutwa haiachi kipisi.