Ngoma ya Wabaga: Mwanamke abebaye jamii kichwani

Na Mwandishi Wetu

KATIKA jamii nyingi za Afrika Magharibi, kupiga ngoma kubwa za mila ni kazi ya wanaume. Lakini kwa Wabaga, wakulima wa mpunga wanaoishi kandokando ya mikoko katika pwani ya Guinea, wanawake nao walikuwa na ngoma yao.

Ngoma hiyo, iitwayo a-ndëf, ilikuwa mali ya a-Tekän, chama cha wanawake waliokwisha kuzaa. Ilitolewa katika shughuli kubwa, yakiwamo mazishi ya mwanachama.

Maana yake imo katika umbo lake. Mzinga wa ngoma hukaa juu ya kichwa cha mwanamke aliyechongwa kwa mti, akiubeba kama abebavyo mzigo kila siku. Ujumbe ni kwamba anayezaa na kulisha ndiye anayeibeba jamii.

Wanaume walikuwa na ngoma yao, timba, ambayo mara nyingi ilichongwa ikiwa mgongoni mwa farasi. Farasi hakuwa mnyama wa kawaida katika nchi ile ya maji na tope; alihusishwa na watawala wa bara, hivyo akawa alama ya ukuu.

Kwa Kiswahili, neno ngoma hutaja chombo na pia shughuli yenyewe. Kwa Wabaga vitu hivyo viwili viliharibika pamoja. Mwaka 1956 na 1957, mhubiri wa Kiislamu, Asékou Sayon, aliongoza harakati zilizoteketeza vifaa vya mila na kukata miti mitakatifu. Guinea ilipojitawala mwaka 1958, serikali ya Sékou Touré nayo ilizipiga vita mila hizo.

Kazi nyingine za Wabaga zilikwisha kuchukuliwa na wageni, na leo zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Baada ya kifo cha Touré mwaka 1984, baadhi ya vijiji vilirejesha michezo ya vinyago, hasa D'mba, sanamu ya mama mwenye matiti makubwa. Hata hivyo, kurejesha mchezo si sawa na kurejesha chama. Ngoma iliyo ndani ya kabati la kioo humwonyesha mtazamaji ufundi wa mchongaji; haimwambii ni nani aliyeruhusiwa kuipiga, wala ilipigwa kwa ajili ya nani.